Narekodi TV ya nyumbani kwenye laptopu nikiwa safarini, sauti inaachana na picha. Tatizo liko wapi?

#1 Mzigo Kontena
Wakuu, salaam. Nipo Guangzhou wiki ya pili sasa, nimefuata mzigo. Nyumbani Tabata nimeacha king'amuzi kimeunganishwa na enkoda ndogo ya HDMI (kiboksi kinachogeuza picha ya TV iweze kupita kwenye intaneti), enkoda imeingia kwenye ruta, na huku naivuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, kupitia VPN (njia ya faragha ya mtandao) niliyoifunga mwenyewe pale nyumbani. Kutazama natazama vizuri tu. Shida ni saa. Huku wametutangulia saa tano: mechi ya saa 1 usiku Dar, huku ni saa 6 usiku, na alfajiri natakiwa niwe njiani kwenda sokoni. Kwa hiyo narekodi, nalala, naangalia asubuhi nikinywa chai.

Mwanzoni kila kitu kiko sawa. Kufika kipindi cha pili, mtangazaji anashangilia goli wakati mimi bado naona mpira uko katikati ya uwanja. Mwisho wa mechi tofauti inafika sekunde nne hadi tano, sauti ikiwa mbele. Nimejaribu mechi tatu, zote hivyohivyo. Nikitazama moja kwa moja bila kurekodi, hakuna shida.

Narekodi kwa OBS, programu ya kunasa skrini, nanasa dirisha la VLC. Laptopu ni i5, RAM 8. Enkoda nimeiweka kilobiti 3,000 kwa sekunde. Nisaidieni, derby inakuja na nitakuwa bado huku.

#2 Siti ya Mbele
Nimekaa. Waje wenye fani.

#3 Fundi Antena
Mkuu, hiyo ni sampuli za sauti. Enkoda inatoa vipande vya sauti 48,000 kwa sekunde, OBS yako umeiacha 44,100. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, weka 48, maliza kazi. Nimeshawatengenezea watu wengi hapa Kariakoo.

#4 Bwana Hesabu
@Fundi Antena heshima yako kaka, ila piga hesabu kwanza. 48,000 ukigawa kwa 44,100 unapata 1.088. Kama programu ingekosea hapo, sauti ingeachana na picha kwa sekunde kama tano kila dakika. Yaani mechi ya dakika 90 ingetofautiana dakika saba au nane, na sauti za watangazaji zingebadilika kabisa. Mwenzetu anasema sekunde nne au tano kwa mechi nzima. Ni kitu kidogo mno hicho.

Mimi naitilia shaka 29.97, idadi ya fremu (picha) kwa sekunde. TV yetu inarushwa kwa fremu 25 au nusu-fremu 50 kwa sekunde, lakini programu nyingi za kurekodi zimeumbwa na mawazo ya Marekani, huko kuna 30 na kuna 29.97. Ukinasa kwa 30 kisha faili likaandikwa kuwa ni 29.97, picha inatembea polepole kwa asilimia 0.1. Dakika 90 zina sekunde 5,400. Asilimia 0.1 yake ni sekunde 5.4. Na kwa kuwa picha ndiyo inayochelewa, sauti itakuwa mbele, kama alivyosema.

#5 Siti ya Mbele
Aisee. Hesabu za namna hii tulizikimbia shule, leo zimetufuata hadi kwenye mpira.

#6 Ndugu Waya
Bwana Hesabu umepiga vizuri lakini umesahau mapumziko. Mtu anayerekodi akiwa amelala hazimi wakati wa mapumziko. Dakika 45, 15, 45 na za nyongeza, jumla 110 hivi. Hapo asilimia 0.1 ni sekunde 6.6, na yeye kasema nne hadi tano. Halafu OBS hutia alama ya muda kwenye kila fremu na kila kipande cha sauti, haikisii.

Mimi naona ni njia. Kutoka Tabata hadi Guangzhou data inapita baharini mbali sana, kisha inaingia China ambako milango ya kwenda nje hujaa sana jioni. Picha ikikosa pakiti (vipande vya data) inaganda, sauti kwa kuwa ni nyepesi inapenya. VLC inajitahidi kuzikutanisha, lakini kila ikiganda inaacha deni kidogo. Ukitazama moja kwa moja unaona kama imekwama tu na kuendelea, hutambui.

Swali kwa mleta uzi: hiyo tofauti inakua taratibu, au inaruka? Fungua rekodi, tafuta mpiga filimbi dakika ya 10, 40, 70 na 90. Andika kila mara sauti imetangulia kwa kiasi gani. Bila hilo tutaendelea kubashiri.

#7 mama_Twaha
Assalaam alaykum. Nipo Muscat, na hili nimelifanya miaka mitatu sasa, kwa hiyo niruhusuni nami niseme.

Kaka Mzigo, kwa nini unapiga picha ya skrini? Hiyo ni kama kumpiga picha mtu kupitia kioo cha dirisha wakati mlango uko wazi. Mkondo wenyewe tayari umeshasimbwa na enkoda yako, unakufikia ukiwa video kamili. Uhifadhi kama ulivyo. Kwenye VLC ipo sehemu ya kuhifadhi mkondo, au tumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, mstari mmoja tu:

ffmpeg -i ANWANI -c copy mechi.mkv

Hiyo "copy" maana yake usisimbe upya, chukua ulivyo. Laptopu haitapata joto, na faili linakuwa dogo: kilobiti 3,000 kwa sekunde ni kama GB 1.35 kwa saa. Na tumia mkv, usitumie mp4. Mp4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, umeme ukikatika au laptopu ikizimika kabla hujaifunga, faili zima halifunguki.

Nasema kwa uchungu kidogo. Mwaka juzi Ramadhani, binti wa dada yangu alisoma Qur'ani kwenye mashindano yaliyoonyeshwa mubashara na kituo kimoja nyumbani. Ana miaka tisa. Nilikuwa zamu ya usiku, nikaacha laptopu inarekodi, mp4. Dakika chache kabla ya mwisho chaja ikalegea ukutani. Niliporudi nikakuta faili la GB mbili lisilofunguka. Nikahangaika nalo siku nne na programu za kufufua mafaili, nikapata dakika 11, na Mungu mkubwa, zamu yake ilikuwa ndani ya hizo 11. Kituo nilipowaomba nakala waliniambia hawana. Hiyo yangu ndiyo iliyopo ukoo mzima. Anafunga macho kabla ya kuanza, mkono wa kushoto umeshika ncha ya mtandio.

#8 Ndugu Waya
Mashaallah. Dada hiyo ihifadhi sehemu tatu, usiiache kwenye laptopu peke yake.

#9 Mkaazi wa Thika
Wasee, yangu ilikuwa tofauti. Nilikuwa nasafiri kwa kazi, narekodi kwa flashi. Kila game inakatika saa moja na dakika 35. Kila mara! Nikalaumu waifai ya hoteli nikabadilisha hoteli, kitu ni ileile. Nikakosa bao la dakika za mwisho mara mbili.

#10 Bwana Hesabu
@Mkaazi wa Thika enkoda yako uliiweka megabiti ngapi?

#11 Mkaazi wa Thika
Sita.

#12 Bwana Hesabu
Basi hoteli hazina kosa. Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili. Mfumo huo haukubali faili moja kuzidi GB 4. Kwa megabiti 6 kwa sekunde, GB 4 zinajaa kwa sekunde kama 5,700, yaani dakika 95. Saa moja na 35. Ifomati iwe exFAT, ila hamisha vitu vyako kwanza maana kufomati kunafuta kila kitu.

#13 Mkaazi wa Thika
Nimeshika kichwa. Miaka miwili nalaumu hoteli za watu.

#14 Nahodha wa Kilwa
Kwa nini mnajitesa hivi? Rekodi nyumbani. Ving'amuzi vingi vina tundu la USB, unachomeka diski, unapanga saa, kinarekodi chenyewe. Ukirudi safari unakuta mechi zako zote zimekaa. Intaneti ya nini?

#15 Mzigo Kontena
@Nahodha hilo nililifanya safari iliyopita. Mambo mawili. Kwanza, kilichorekodiwa na king'amuzi changu kinafungwa, hakifunguki kwenye kifaa kingine zaidi ya king'amuzi hichohicho. Pili, king'amuzi ni kimoja na bi mkubwa yupo. Nilipanga mechi, saa 2 usiku ikafika tamthilia ya Kituruki, ile yenye sauti za Kiswahili, akashika rimoti. Nilirudi nikakuta nusu saa ya mpira na saa nzima ya mama mkwe analia kwenye jumba la kifahari.

Na hata sasa enkoda inatuma kile kilichopo kwenye king'amuzi. Usiku mmoja nimeamka huku nikaona mpira umegeuka harusi ya Istanbul.

#16 Siti ya Mbele
Kwa hiyo sauti na picha si vitu pekee vilivyoachana.

#17 mama_Twaha
Siti ya Mbele acha hizo. Kaka, mnunulie mama king'amuzi chake. Amekulea.

#18 Mzigo Kontena
Dada, kimeshaagizwa. Wallahi.

#19 Theluji ya Minnesota
Nimeupenda uzi huu. Mambo haya yalianza muda mrefu. Slingbox ilitoka 2005, kazi ya ndugu wawili wa California, Blake na Jason Krikorian. Walikuwa mashabiki wa San Francisco Giants, wakisafiri wanakosa mechi, wakabuni boksi la kutuma TV ya nyumbani popote ulipo. Nami nilinunua moja nikaiweka kwa mjomba. Novemba 9, 2022 seva zake zikazimwa na maboksi yote yakawa matofali.

Saa ndiyo iliyonisumbua mimi. Huku tunarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, Dar hawarudishi. Tofauti inahama kutoka saa 8 hadi 9. Kila mwaka wiki hiyo nilirekodi kipindi kisicho changu.

#20 Ndugu Waya
@Theluji marekebisho madogo: si yote yaliyokuwa matofali. Kuna programu ya watu wa kujitolea inaitwa Slinger, inayafanya baadhi ya yale maboksi yaendelee kufanya kazi bila zile seva. Sharti ulikuwa umechukua nenosiri la boksi lako kabla hazijazimwa.

#21 Theluji ya Minnesota
Sikuchukua. Limekaa kabatini kwa mjomba, juu yake ameweka redio.

#22 Fundi Antena
Kuhusu saa, kuna mteja alipanga laptopu ianze kurekodi saa 1 usiku akiwa bado Dar. Akapanda ndege, kufika China laptopu ikajibadilisha saa yenyewe. Ikaanza saa 1 usiku ya kule, ambayo huku ni saa 8 mchana. Alikuta katuni. Dawa: saa ya laptopu iache Dar, saa ya simu ndiyo ifuate nchi.

Na bado nasimamia sauti. Hata kama si 44 na 48, kila kifaa kina saa yake ndani, kijiwe kinachopiga mapigo. Cha enkoda na cha laptopu havilingani kabisa. Mkikaa masaa vinaachana.

#23 Bwana Hesabu
Hilo la vijiwe ni kweli, vinaachana. Lakini kijiwe cha kawaida hukosea sehemu 50 hivi kwa milioni. Kwa sekunde 6,600 hiyo ni theluthi moja ya sekunde. Haifiki nne.

#24 Fundi Antena
Kijiwe cha kawaida, sawa. Wewe umeviona vilivyomo kwenye enkoda za bei ya chini? Mimi navifungua kila siku. Vingine vikipata joto vinatembea kama saa ya mkopo. Na hiyo ya Tabata iko wapi? Nyuma ya TV, juu ya king'amuzi, bila upepo, na Dar jua linawaka.

#25 Mzigo Kontena
Ipo juu ya king'amuzi kweli. Umejuaje?

#26 Fundi Antena
Wote mnaiweka hapo.

#27 Mwanasheria Mtoro
Naomba niulize lisiloulizwa. Je, hii inaruhusiwa? Kule Marekani kulikuwa na kesi ya Betamax, mashine ya Sony ya kurekodi TV, 1986 kama sikosei, Mahakama ya Juu ikasema mtu kurekodi kipindi akitazame baadaye kwake si kosa.

#28 Theluji ya Minnesota
Ni 1984, mwezi Januari. Sony dhidi ya Universal, majaji watano kwa wanne. Tofauti ya kura moja.

#29 Ndugu Waya
Na hiyo ni sheria yao. Kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mkataba wako na mwenye king'amuzi una maneno yake, usome. Ninaloliona mimi: umelipia kifurushi, unatazama mwenyewe, huweki mtandaoni, huuzi. Anayerekodi akaanza kurusha kwenye magrupu ya watu elfu, huyo mwingine kabisa. VPN nayo, kwa mlioko nyumbani, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo Oktoba 2023 kuwataka wanaoitumia wajisajili. Msipuuze.

#30 Pwani Kavu
Mimi yangu inatoka nyeusi tii. Sauti ipo, picha hakuna. Narekodi kutoka kwenye programu ya simu ya kituo, nimeifungua kwenye laptopu.

#31 mama_Twaha
Hiyo si hitilafu ndugu yangu. Programu zenye ulinzi huizuia skrini isinaswe, wanataka iwe hivyo. Hata nyaya za HDMI zina ulinzi wao, HDCP. Usijichoshe, na usikubali mtu akuuzie dawa ya hilo. Angalia kama programu yenyewe ina sehemu ya kutazama marudio.

#32 Pwani Kavu
Asante dada. Nilishatoa kianzio kwa fundi mmoja, nitamrudia anirudishie.

#33 Mkaazi wa Thika
Nyinyi mnafikaje kwa nyumba na hizi intaneti zetu? Mimi nikijaribu kufungua mlango wa ruta inakataa kabisa.

#34 Ndugu Waya
Angalia anwani ambayo ruta yako imepewa na kampuni. Kama inaanzia 100.64 hadi 100.127, upo nyuma ya CGNAT, yaani mnagawana anwani moja na majirani wengi, na hakuna mlango wa kwako wa kufungua. Unahitaji VPN inayotoka ndani kwenda nje, kama Tailscale, au uombe anwani ya umma kwa malipo.

Na uwe na mpango wa pili. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ya ukanda huu ikadorora siku kadhaa. Hapo hata ungekuwa na enkoda ya dhahabu hupati kitu. Ndiyo maana nakubaliana nusu na Nahodha: weka kompyuta ndogo nyumbani, irekodi huohuo mkondo wa enkoda pale, wewe uvute faili polepole usiku mtandao ukiwa mtupu.

#35 Nahodha wa Kilwa
Mmerudi kwangu kwa njia ndefu.

#36 Theluji ya Minnesota
Mpaka LUKU iishe nyumba haina mtu. Yalinikuta hayo, enkoda, ruta na friji vikazimika pamoja. Mpira nilikosa, na samaki wa mjomba wakaoza.

#37 Mzigo Kontena
Wakuu nimerudi na vipimo alivyotaka Ndugu Waya. Rekodi ya juzi, nimetumia filimbi na mipira ya kuanzia golini, maana mguu unapogusa mpira unasikika wazi.

Dakika ya 10: sioni tofauti.
Dakika ya 38: inaruka ghafla, karibu sekunde moja. Kabla ya hapo picha inaganda kidogo.
Dakika ya 60: sekunde mbili hivi.
Dakika ya 85: tatu na nusu.
Mwisho wa rekodi: nne na ushee.

Yaani kuna kuruka, na kuna kukua taratibu baada ya hapo.

#38 Ndugu Waya
Kuruka dakika ya 38 baada ya kuganda. Ndiyo njia hiyo.

#39 Bwana Hesabu
Na kukua taratibu kutoka 38 hadi mwisho? Njia haikui taratibu.

#40 Fundi Antena
Joto. Dakika ya 38 enkoda imeshapata moto.

#41 Siti ya Mbele
Mleta uzi ana magonjwa matatu na madaktari watatu, na kila daktari kamponya mgonjwa wake.

#42 mama_Twaha
Mmemwacha mtu na derby kesho. Kaka, fanya hivi leo: acha OBS, tumia ffmpeg na copy. Mwambie mtu nyumbani aitoe enkoda juu ya king'amuzi aiweke sakafuni. Laptopu iwe kwenye umeme, zima kulala, zima masasisho ya Windows, na usiifunge.

#43 Bwana Hesabu
Dada, usimbadilishie vyote kwa pamoja! Hatutajua kilichoponya.

#44 mama_Twaha
Yeye anataka mpira. Kujua ni kwako.

#45 Mzigo Kontena
Nimefanya yote. Mdogo wangu ameihamisha enkoda, ameiweka juu ya kigoda karibu na feni. Bi mkubwa ameahidi rimoti hataigusa hadi saa 3. Huku ni saa 5 na dakika 40 usiku, taa ndogo ya chaja inawaka, faili linaongezeka. Nalala.

#46 Siti ya Mbele
Asubuhi usifungue simu kabla ya rekodi. Na sisi tusiandike matokeo humu tafadhali.

#47 Mkaazi wa Thika
Sisi huku Thika hatujui hata nani anacheza. Mko salama.

#48 Mzigo Kontena
Nimeamka, nimetazama yote, sijagusa simu. Filimbi ya mwisho: sauti imetangulia kwa nusu sekunde hivi, mke wangu angeona haipo kabisa. Dakika ya 52 picha iliganda, ikarudi, na sauti ikarudi nayo sawasawa.

Saa 3 na dakika mbili mama alibadilisha chaneli. Aliahidi hadi saa 3 na alitimiza. Mahojiano ya makocha sikuyapata.

#49 Fundi Antena
Feni.

#50 Bwana Hesabu
Ni 29.97, maana OBS haipo tena. Ila hiyo nusu sekunde inanisumbua. Safari nyingine rudisha enkoda juu ya king'amuzi, ffmpeg iache ilivyo, utupe vipimo.

#51 Mzigo Kontena
Nitarudi huku Machi, nitajaribu. Sasa naenda kufunga mzigo, kontena linapakiwa saa 4.